Kanuni za mahudhurio na ufaulu kwa kozi ya wahudumu wa mochwari: asilimia 75 inatosha?

mratibu_isevya (Tabora)

Wakuu, habari za majukumu.

Tunaandaa kozi ya miezi sita ya wahudumu wa mochwari hapa Tabora, ndani ya chuo cha afya ambacho tayari kinaendesha kozi nyingine. Tutaanza na wanafunzi 24. Wengi wao tayari wako kazini kwenye hospitali za wilaya na vituo vya afya, wachache wanatoka moja kwa moja kidato cha nne. Masomo yamegawanyika mara tatu: nadharia darasani, maabara ya ujuzi kwa kutumia sanamu na vifaa, kisha zamu za mochwari hospitalini.

Rasimu ya kanuni imechukuliwa kama ilivyo kutoka kozi nyingine za chuo: mahudhurio yasipungue asilimia 75, ufaulu asilimia 50. Hofu yangu ni kwamba mwanafunzi anaweza kukosa kila siku ya kuweka dawa maiti na bado jumla yake ikasoma asilimia 80. Huyo akienda kazini ataharibu.

Naomba mnisaidie haya: asilimia moja kwa kozi nzima inafaa au tutenganishe? Aliyekosa zamu afidie vipi? Misiba na ED (ruhusa ya daktari ya kutofanya kazi kwa ugonjwa) tuzihesabu namna gani? Na vyuo vya huduma za mazishi vya nje, hasa Marekani, vinaendaje?

---

taaluma_kgm (Kigoma)

Mkuu, kabla ya kubishana 75 au 90, angalia asilimia hiyo ni ya saa zipi. Ugomvi mwingi wa mahudhurio unaofika ofisi ya taaluma huanzia hapo.

Kwa utaratibu wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na ndani ya hizo 10 kuna saa ambazo mwanafunzi anajisomea mwenyewe. Tuchukulie moduli ya krediti 9. Ni saa 90. Vipindi vya kukutana na mwalimu tuseme ni saa 54, zilizobaki 36 ni za kujisomea. Ukiandika tu "asilimia 75 ya saa za moduli", maana yake ni saa 67.5, na mwanafunzi ambaye hajakosa hata kipindi kimoja ana 54. Kanuni hiyo haitekelezeki na mwanafunzi akikata rufaa atashinda. Andikeni "saa za kukutana" na muitaje idadi yake moduli kwa moduli.

Pili, msiishie kwenye asilimia. Saa 54 kwa vipindi vya saa mbili ni vipindi 27. Asilimia 90 ya 27 ni 24.3. Aliyehudhuria 24 ana asilimia 88.9. Amefikisha au hajafikisha? Mwalimu mmoja atasema amefikisha, mwingine atakataa. Andika hivi: "mwanafunzi asikose zaidi ya vipindi viwili kati ya 27", kwisha.

Na ndiyo, tenganisheni. Kwa kozi hii mimi ningeweka nadharia asilimia 80, maabara ya ujuzi asilimia 90, na zamu za mochwari asilimia 100 baada ya kufidia. Hayo maneno "baada ya kufidia" yaandikwe wazi. Mtu anaweza kuugua, anaweza kukwama njiani mvua za masika zikikata barabara, lakini zamu aliyoikosa lazima aifanye siku nyingine. Nadharia iliyokosekana mtu ataisoma kwenye notisi, lakini kugeuza maiti ya kilo 90 kutoka kwenye machela bila kuumia mgongo hakumo kwenye notisi.

Kusaini kuwe mara mbili, mwanzo na mwisho wa kipindi. Karatasi inayozunguka darasani hurudi na sahihi za watu ambao hawapo, kwa hiyo mwalimu aite majina. Kwa zamu, atakayefika baada ya makabidhiano asiingizwe kama aliyechelewa, ahesabiwe hajafika. Kwenye makabidhiano ndipo inasemwa maiti ipi ina kesi ya polisi na haitolewi, ipi ndugu wamekwisha lipa na wanaifuata saa nne, jokofu lipi lina shida. Asiyesikia hayo ni hatari kuwa humo ndani.

Hesabu zitoke wiki ya 4, ya 8 na ya 12, na aliye karibu na ukomo apewe barua siku hiyohiyo na asaini kuipokea. Ukingoja wiki ya mwisho ndipo umwambie haruhusiwi kufanya mtihani, umemwonea, hata kama hesabu zako ni sahihi.

---

mhifadhi_mwandamizi

Naungana na taaluma_kgm, ila mimi naona mnakazania siku wakati jambo lenyewe ni kazi. Mtu anaweza kukaa mochwari zamu 30 akiwa amesimama mlangoni. Ongezeni logibuku (daftari la mwanafunzi la kuandikia kazi alizofanya) yenye idadi ya kazi, na kila kazi iwe na ngazi tatu: ameona, amesaidia, amefanya mwenyewe mbele ya msimamizi. Inayohesabika kwenye ufaulu ni ya tatu.

Kazi zenyewe ni kupokea maiti na kuandika rejesta, kuweka lebo, kupanga kwenye jokofu, kuosha na kuvalisha, kuweka dawa, kuandaa kwa ajili ya postimotamu na kushona baada yake, kutoa maiti kwa ndugu, kusafisha na kutupa taka. Ningeweka kupokea mara 15 na kutoa mara 15, kwa sababu hapo ndipo kosa kubwa kuliko yote hutokea, la familia kuondoka na mtu asiye wao.

Sasa kuweka dawa. Kabla hamjaandika "kila mwanafunzi mara tano", pigeni hesabu ya maiti. Wanafunzi 24 mara tano ni nafasi 120. Mezani wanaweza kufanya kazi watatu kwa maana halisi, kwa hiyo mnahitaji maiti 40. Kama mochwari yenu inaweka dawa maiti mbili kwa wiki na mna wiki 10 za vitendo, ni maiti 20, nafasi 60, yaani mbili na nusu kwa mtu. Kanuni ikisema tano, logibuku zitajazwa kwa uongo na ninyi ndio mtakuwa mmewasukuma. Andikeni mbili, moja akisaidia na moja akifanya mwenyewe, au mtafute hospitali ya pili ya kuwagawa.

Dalili ya logibuku ya uongo mtaijua haraka: kalamu moja, mwandiko mmoja, tarehe kumi, sahihi zote zimelala upande mmoja. Dawa yake ni kila mstari uwe na namba ya rejesta ya mochwari (siyo jina la marehemu, hiyo ni siri ya familia) na msimamizi wa zamu asaini siku ileile. Mratibu achukue mistari mitano bila mpangilio kila mwezi aende kuilinganisha na rejesta.

Kuhusu ufaulu wa asilimia 50, kwa vitendo haufai kabisa. Pimeni kwa orodha ya hatua, na ndani yake muweke alama kwenye hatua za lazima. Akikosea moja ya hizo ameanguka, hata kama zilizobaki amepata zote. Za kwangu ni hizi.

Utambulisho: lebo mbili, moja kifundoni mwa mguu na nyingine nje ya shuka au mfuko, zote zilingane na rejesta. Wakati wa kutoa, asome lebo ya mguuni kwa sauti huku ndugu akiwa amemtazama marehemu usoni. Kusoma lebo ya nje peke yake ni kuanguka. Mfuko hubadilishwa, na lebo ya nje huondoka nao.

Kuchanganya dawa: fomalini inayouzwa ni takriban asilimia 37 ya formaldihaidi. Mchanganyiko unaoitwa "fomalini ya asilimia 10" ni lita 1 ya fomalini kwa lita 9 za maji, na ndani yake formaldihaidi ni kama asilimia 3.7 tu. Aliyekosa somo hilo hudhani anatafuta formaldihaidi ya asilimia 10, anamimina karibu lita 2.7 kwenye ndoo ya lita 10. Matokeo yake mishipa na nyama karibu na pale alipoingizia dawa vinakakamaa mapema, dawa haisogei tena, uso unabadilika rangi na miguu inabaki haijapata kitu. Siku ya pili familia inaanza kusikia harufu wakati uso ni mgumu kama ubao. Na chumba kizima kinawasha macho. Mvuke huo siyo wa mchezo: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka formaldihaidi kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004. Madirisha wazi, feni inayotoa hewa nje, barakoa yenye kichujio cha mvuke. Barakoa ya kitambaa au ya upasuaji haizuii mvuke wa fomalini.

Klorini: kwa meza, sakafu na damu iliyomwagika, ya asilimia 0.5. Jiki ya asilimia 3.5 ni kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Asome kwanza nguvu iliyoandikwa kwenye chupa, kwa sababu si chupa zote ni 3.5. Na kamwe asimwage klorini mahali palipo na fomalini kabla ya kusuuza kwa maji mengi, mchanganyiko huo unatoa mvuke wa sumu.

Jokofu: nyuzi 2 hadi 4, kipimajoto kisomwe na kuandikwa mwanzo na mwisho wa kila zamu. Umeme ukikatika, milango isifunguliwe hovyo, na muda wa kukatika uandikwe.

Kwa hatua nyingine zisizo za lazima, asilimia 80 inatosha.

---

mratibu_isevya (Tabora)

Asante sana wakuu. Hesabu ya maiti 40 imenifungua macho, tulikuwa tumeandika mara sita! Naomba sasa vyuo vya nje, na suala la misiba.

---

kalamu_ya_malagarasi

Kwa Marekani, kinachosaidia kuelewa ni kwamba viwango vya taaluma na mahudhurio ni kanuni mbili tofauti, kila moja na adhabu yake.

Vyuo vya huduma za mazishi vya kule vinaidhinishwa na American Board of Funeral Service Education. Mhitimu hufanya mtihani wa taifa wenye sehemu mbili, Sanaa na Sayansi, na alama ya kupita ni 75 kwa kila sehemu. Sayansi ndiyo yenye anatomia, kemia, mikrobiolojia, patholojia, kuhifadhi maiti na kurekebisha sura. Sanaa ina uendeshaji wa nyumba ya mazishi, sheria, ushauri kwa wafiwa na mambo ya jamii. Chuo chenyewe nacho kinapimwa kwa mtihani huo: wastani wa wahitimu wake wanaopita ukishuka chini ya asilimia 60 kwa miaka mitatu, ithibati yake inaingia matatani. Ndiyo maana wako wakali kuhusu nani anaruhusiwa kuendelea.

Maendeleo ya mwanafunzi wanayapima kwa vitu viwili kwa pamoja, wastani na kasi. Wastani wa alama (GPA) kwa kawaida ni 2.0 kati ya 4.0. Kasi inatokana na kanuni ya fedha za serikali za kuwasaidia wanafunzi: mwanafunzi amalize ndani ya asilimia 150 ya muda wa programu, kwa hiyo lazima awe anafaulu karibu theluthi mbili ya krediti anazojiandikisha. Aliyeshuka anapewa onyo kwa muhula mmoja na bado anasoma. Asiporekebisha, anakata rufaa kwa maandishi akieleza kilichotokea na kilichobadilika, kisha anapangiwa mpango wa masomo. Hiyo ngazi ya onyo ndiyo ningeiiga. Vyuo vyetu vingi vinaruka kutoka kimya hadi disko, yaani kumfukuza masomo.

Mawili mengine yanafaa kwenu. La kwanza: chuo kinacholazimika kuchukua mahudhurio hakiachi jina la mtu likining'inia. Ndani ya siku 14 tangu alipohudhuria mara ya mwisho lazima kiwe kimeamua kama ameacha masomo. Kwenu pia, mtu asiyeonekana na asiyepokea simu, wiki mbili zikipita aandikiwe barua na nafasi yake ya zamu apewe mwingine. La pili: kwa masomo ya mtandaoni, kuingia tu kwenye mfumo si mahudhurio. Kinachohesabika ni kuwasilisha kazi, kufanya kwizi, kushiriki mjadala wa somo. Kama mtarusha nadharia kwa WhatsApp kwa wale walio kazini Urambo na Sikonge, tiki mbili za bluu zisihesabiwe.

Kitu cha kutoiga ni uzito wao wa kuhifadhi kwa dawa na kurekebisha sura kwa ajili ya kuagwa siku kadhaa baadaye. Kwetu watu wengi huzikwa mapema, na mhudumu wenu atatumia muda mwingi zaidi kwenye rejesta, jokofu na ndugu.

---

bi_katubuka (Kigoma)

Nikitokea hapo alipoishia kalamu_ya_malagarasi. Ujiji, na hata Tabora mjini, familia nyingi za Kiislamu zinachukua mwili siku hiyohiyo, zinaosha zenyewe nyumbani au msikitini, na dawa hawataki. Kwa hiyo kigezo cha "kutoa maiti" kinapaswa kuwa na kipengele cha haraka: hati zote tayari, lebo imesomwa, mwili umefungwa usivuje, ndugu hawajasubirishwa bila sababu. Mpimeni mwanafunzi kwa hilo pia.

Jinsia nayo iingie kwenye ratiba. Maiti ya mwanamke ioshwe na wanawake. Mkipanga zamu ya wanaume watupu, wanafunzi wa kike watakosa idadi zao na wa kiume wataandika kazi ambazo hawakupaswa kuzifanya. Kila zamu iwe na angalau wanawake wawili, na kama darasa halina wa kutosha, idadi ya kuosha ihesabiwe kwa jinsia ya mwanafunzi.

Misiba: taja ndugu wanaohusika na siku. Mimi ningeandika mzazi, mlezi, mwenzi, mtoto, na ndugu wa tumbo moja, siku 5 pamoja na safari. Wengine siku 1 au 2 kwa kibali cha mratibu. Usipotaja, kila mtu ana shangazi na huwezi kumhukumu, kwetu shangazi ni mzazi. Ruhusa inaondoa adhabu, haiondoi zamu, bado atafidia. Na mwanafunzi aliyefiwa asipangiwe mochwari wiki ya kwanza akirudi. Mpe rejesta au maabara ya ujuzi.

ED ndiyo inayonihangaisha zaidi. Kanuni ikiwa kali kupita kiasi, mwanafunzi ataficha homa au kidonda cha mkononi ili asipoteze zamu. Mwenye kidonda kibichi mkononi hapaswi kugusa maiti hata akiwa na glovu mbili. Kwa hiyo wekeni daraja la tatu kati ya "yupo" na "hayupo": yupo lakini hajaruhusiwa kuingia. Anafanya rejesta, stoo, kuandaa klorini, na zamu yake inahesabika kwa saa, ila kazi za mikono anafidia baadaye. Aliyechomwa na sindano au kukatwa na kisu asihesabiwe mkosaji pia. Huyo aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni bila kulikamua, aripoti, aanze dawa za kinga ya VVU mapema iwezekanavyo na isizidi saa 72. Saa anazokaa kliniki ni saa za zamu.

Chanjo ya homa ya ini B iwe sharti la kuingia mochwari. Ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu mwezi wa sita. Kozi yenu ni miezi sita, kwa hiyo dozi ya kwanza itolewe wiki ya usajili, msiingoje fildi (mafunzo ya vitendo hospitalini).

Na kuna kipindi kimoja kisicho na ruhusa wala asilimia: kuvaa na kuvua mavazi ya kinga kwa maiti yenye ugonjwa wa kuambukiza. Jirani zetu wa Kagera walipata Marburg mwaka 2023 na tena 2025, na sisi Kigoma tulikuwa na kipindupindu Kagunga mwaka 2015. Watu huambukizwa wakati wa kuvua, hasa wanapoligusa gauni kwa nje au kujigusa uso kabla ya kusafisha mikono. Mwanafunzi avue mbele ya msimamizi mara tatu mfululizo bila kosa. Akikosea ya tatu, anaanza upya kuhesabu.

---

mratibu_isevya (Tabora)

Shikamoo bi_katubuka, na asanteni wote. Nabaki na swali moja. Aliyefeli vitendo anapewa sapu (mtihani wa kurudia) lini, na CA yake (alama za kazi za muhula) inakuwaje? Chuo kinatumia 40 za CA na 60 za mtihani wa mwisho.

---

taaluma_kgm (Kigoma)

Kwanza vitendo visifichwe ndani ya zile 40. Mkivichanganya, mwenye nadharia nzuri atafidia alama za vitendo na mtakuwa mmerudi palepale ulipoanzia. Vitendo viwe sharti peke yake, "amefikia" au "hajafikia", na jibu hilo litoke wiki mbili kabla ya mtihani wa mwisho.

Ambaye hajafikia, angalieni ni kwa sababu gani. Kama idadi za logibuku hazijatimia lakini alizofanya ziko sawa, apewe zamu za ziada ndani ya hizo wiki mbili na afanye mtihani na wenzake. Kama ameanguka hatua ya lazima, asirudie siku hiyohiyo. Angalau zamu tatu na msimamizi kwanza, kisha apimwe na mtu tofauti na aliyemfelisha. Akianguka tena, matokeo ya nadharia yabaki, yeye arudie fildi na kundi linalofuata. Msimrudishe darasani alikofaulu, ada itamshinda na mtampoteza.

Rufaa iwe na siku, tuseme siku 5 za kazi tangu matokeo yabandikwe, na ipokelewe na mtu ambaye hakusaini logibuku yake.

---

mhifadhi_mwandamizi

Ongeza hilo la siku 5 za rufaa ubaoni na kwenye fomu ya usajili, asaini siku ya kwanza. Ukipenda, nitumie rasimu ya orodha ya hatua kwa PM (ujumbe binafsi) nikuwekee alama zilizo za lazima, ila ya kutoa maiti ianzie kwenye kibali cha mazishi, siyo kwenye risiti. Wengi wanaanzia kwenye risiti.